Shingo Upande: Historia ya Msemo na ya Maradhi ya Macho Yasiyo na Jina

Mtu akikubali jambo bila ya ridhaa yake, Waswahili husema kuwa amekubali shingo upande. Msemo huu hauhitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa makala haya, kwani umeenea katika mazungumzo ya kila siku, katika riwaya, na katika taarifa za magazeti. Ambalo halijatazamwa vya kutosha ni dhana iliyojificha ndani yake, yaani kwamba shingo iliyoinama ni ishara ya nia. Kichwa kilichonyooka ni cha mtu aliyeridhika na asiye na la kuficha. Kichwa kilichopindika ni cha mwenye kinyongo, au kiburi, au ukaidi. Tunakusudia kuichunguza dhana hiyo kwa kuilinganisha na historia ya tiba, kwa sababu wapo watu, na wengi wao ni watoto, ambao shingo zao ziko upande si kwa nia bali kwa macho. Misuli ya macho yao haivuti sawasawa, au macho yenyewe hayatulii, nao wamegundua bila ya kufundishwa na mtu kwamba wakiinamisha kichwa hivi, au wakigeuza uso vile, wanaona vizuri zaidi.

Hoja yetu ni kwamba Kiswahili hakikupata kuwa na nomino ya hali hiyo, na kwamba pengo hilo dogo la msamiati limeifanya ihesabiwe kuwa tabia mahali ambapo ingehesabiwa kuwa maradhi. Mfano wetu wa mahali utakuwa mtaa wa Woodley, jijini Nairobi, ambako nyumba, shule na hospitali kuu ya taifa zimekaribiana kiasi kwamba safari ya neno kutoka barazani hadi kwenye cheti cha daktari yaweza kufuatwa kwa miguu. Lakini kabla ya kufika huko ni lazima tuyatazame maneno yenyewe.

Vilema na majina yao

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya ulemavu. Ngeli ya KI-VI imewakusanya kipofu, kiziwi, kiwete, kilema na kibiongo, na kwa miaka mingi sasa wako wanaolalamika, na wana haki, kwamba ngeli ya vitu si makao ya watu. Ndiyo maana tunasikia wasioona na watu wenye ulemavu. Mjadala huo una wenyewe, nasi hatutauingilia hapa. Linalotuhusu ni upande wake wa pili, ambao haukumbukwi sana: kupewa jina, hata jina la kudunisha, ni kutambuliwa. Kipofu haambiwi afumbue macho, wala kiwete haambiwi aache uvivu wa kutembea. Jina limekwisha kumwondolea lawama ya kutenda kwa makusudi.

Ama kwa maradhi ya macho, msamiati ni tajiri. Mwenye jicho moja ana chongo. Ambaye macho yake hayaelekei pamoja ana makengeza au, kwa neno lisilosikika sana mjini siku hizi, ana upogo. Lenzi ikifanya ukungu pana mtoto wa jicho. Methali isemayo kuwa ukipenda chongo huita kengeza yaonyesha kwamba wenye lugha walizijua hali hizi kwa karibu, wakazipanga hata kwa daraja: makengeza ni afadhali kuliko chongo, na mapenzi ndiyo yanayoweza kumpandisha mtu kutoka daraja moja hadi nyingine.

Neno makengeza lenyewe lastahili kutazamwa. Lina umbo la wingi, na aghalabu husemwa hivyo hivyo hata jicho lililopotoka likiwa moja tu. Linafanana kwa hili na matege. Yote mawili yanataja viungo vilivyo jozi ambavyo vimekosa kukubaliana, miguu kwa upande mmoja na macho kwa upande mwingine. Sidai kwamba kiambishi ma- kina maana hiyo, maana kazi zake ni nyingi na zinajulikana. Nasema tu kwamba aliyelizoea neno hili amekwisha kupata nusu ya maarifa ambayo matabibu wa Ulaya waliyatafuta kwa muda mrefu, yaani kwamba kasoro haimo ndani ya jicho moja bali imo katika uhusiano wa macho mawili.

Sasa tumchukue mtu wa aina nyingine. Huyu naye ana msuli wa jicho uliopooza, lakini ukimtazama usoni macho yake yanaelekea pamoja barabara. Yanaelekea pamoja kwa sababu ameinamisha kichwa kwenye bega la kushoto. Akikinyoosha, jicho moja litapanda juu na kila kitu atakiona viwili. Makengeza anayo, lakini ameyaficha kwa shingo. Shingo imelipa deni la macho. Mtu huyu hana jina katika lugha yetu. Hana chongo, hana upogo, si kibiongo. Akitajwa, hutajwa kwa maelezo tu: yule anayeinamisha kichwa, yule wa shingo upande. Na hapo ndipo sarufi inapomdhulumu, kwani shingo upande tumezoea kuitumia kama kielezi. Kielezi hueleza namna tendo linavyotendwa, na tendo lina mtendaji mwenye hiari yake. Mtoto anayemtazama mwalimu shingo upande, kwa mujibu wa lugha, anatenda jambo. Jibu analolipata ni lile tunalolijua sote: "Kaa sawa! Nyoosha shingo! Tazama ubaoni!"

Lugha nyingine

Isidhaniwe kuwa kosa hili ni la Waswahili peke yao. Katika Sura ya Luqman (31:18), ambayo wasomaji wa Kiswahili wameizoea kwa tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969, Luqman anamuusia mwanawe asiwageuzie watu shavu kwa kiburi. Wafasiri wa Kiarabu, walipoeleza kitenzi kilichotumika hapo, walikihusisha na maradhi ya ngamia ambayo huipinda shingo ya mnyama. Kwa hiyo Kiarabu kilianza na ugonjwa kikaishia katika maadili, na kumbukumbu ya ugonjwa ikabaki katika mzizi wa neno. Katika Kiswahili tumebakiwa na maadili matupu.

Ulaya nako, mambo hayakuwa tofauti sana. Mwaka 1664 tabibu wa Kiingereza Thomas Willis, katika kitabu chake cha Kilatini juu ya ubongo, aliupa mshipa wa nne wa fahamu wa kichwani jina linalotokana na neno la hisia na huzuni, akiamini kwamba macho huzunguka kwa mshipa huo pale mtu anapoguswa moyoni. Jina hilo lilidumu muda mrefu katika vitabu vya anatomia. Mshipa huu ndio ambao ukipooza huinamisha kichwa kuliko mwingine wowote. Basi hata bingwa wa anatomia, alipokutana na msuli wa jicho, aliona moyo kwanza.

Mfano ulio mashuhuri kupita yote ni wa Aleksanda Mkuu, yule ambaye wengi wa pwani yetu humhesabu kuwa ndiye Iskandar wa hadithi. Plutarko ameandika kwamba shingo ya mfalme huyo iliinama kidogo upande wa kushoto, na kwamba mchongaji Lysippos ndiye aliyeweza kuinasa sura hiyo vizuri. Ameandika vilevile kwamba marafiki na warithi wake wengi waliiga mwinamo huo. Kwa muda mrefu jambo hili lilisomwa kama dalili ya ukuu, hata mwaka 1996 Lascaratos na Damanakis walipoandika katika jarida la Lancet kwamba yumkini mfalme alikuwa na kasoro ya misuli ya macho. Si wote waliokubali. Wapo wanaoitafuta sababu katika shingo yenyewe, na mgonjwa aliyekufa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita hawezi kufunikwa jicho ili apimwe. Lakini tuone jinsi cheo kinavyobadili maana. Shingo ile ile ambayo kwa mtoto wa darasa la 2 huitwa ukaidi, kwa mfalme iliitwa adhama, na watu wazima wakaiiga.

Kapi na kamba

Kila jicho lina misuli 6 inayolizungusha. Mmoja wao una njia ya ajabu. Hautoki nyuma ukaenda moja kwa moja kwenye jicho kama ndugu zake, bali hupita kwanza kwenye kitanzi kidogo kilicho juu ya jicho, upande wa pua, kisha hugeuka nyuma na kujishika kwenye sehemu ya juu ya tufe la jicho. Gabriele Falloppio alikieleza kitanzi hicho mwaka 1561, na jina lililokipata katika Kilatini ni la kapi. Mtu wa pwani hahitaji mchoro ili aelewe. Kamba ya henza inavutwa na baharia aliyesimama sitahani, lakini kwa kuwa imepita kwenye kapi juu ya mlingoti, foromali hupanda badala ya kushuka. Ndivyo unavyofanya msuli huu: huvutwa kwa nyuma, lakini kwa sababu ya kapi yake hulishusha jicho na kulizungusha kuelekea puani.

Tiba ya kwanza ya kisu haikungoja maarifa hayo yakamilike. Johann Friedrich Dieffenbach wa Berlin, ambaye alikuwa akikata kano za miguu iliyopinda na za shingo zilizopinda, mwaka 1839 alimpasua mtoto wa miaka 7 mwenye makengeza kwa kuukata msuli wa jicho. Kwake shingo na jicho vilikuwa mambo ya namna moja, kamba fupi inayohitaji kukatwa. Habari zikaenea, na kwa muda makengeza yakawa yanakatwa ovyo. Jambo ambalo halikuulizwa ni hili: je, katika shingo zile zilizokatwa, hazikuwamo zilizokuwa nzima kabisa, zikitumikia tu jicho bovu?

Swali hilo lilipata jibu mwaka 1873, wakati tabibu Mfaransa Cuignet alipoandika juu ya kile alichokiita kupinda shingo kwa sababu ya jicho. Jaribio linalotokana na fikira hiyo ni rahisi mno, na halihitaji chombo. Funika jicho moja la mgonjwa kwa kiganja. Ikiwa kichwa kilipinda ili macho mawili yapate kuelewana, basi sasa hayana haja ya kuelewana, na mara nyingi kichwa hunyooka chenyewe. Shingo iliyopinda kwa msuli wake mfupi haifanyi hivyo. Ukiishika ni ngumu, na huonekana katika majuma ya kwanza ya uhai wa mtoto, ilhali ile ya macho hudhihirika mtoto anapoanza kukaa na kukiinua kichwa, na hulegea akilazwa chali.

Mwaka 1900 Hofmann na Bielschowsky walieleza jaribio la pili, ambalo bado hufanywa kila siku mahospitalini. Mgonjwa huinamishwa kichwa kwenye bega moja, kisha kwenye jingine. Kichwa kikiinama kulia, jicho la kulia hujizungusha kuelekea puani ili picha isilale sana. Kazi hiyo hufanywa na misuli miwili kwa pamoja, mmoja ukielekea kulipandisha jicho na mwingine, ule wa kapi, ukielekea kulishusha, nayo misukumo hiyo hufutana. Msuli wa kapi ukiwa umepooza, hakuna wa kuufuta mwenziwe, na jicho hupanda juu mbele ya macho ya mpimaji. Ndiyo sababu mgonjwa mwenyewe hulikwepa bega lile na kuinamia la pili. Mmarekani Marshall Parks aliliunganisha jaribio hili mwaka 1958 na maswali mengine mawili, likawa njia ya hatua 3 ya kuutambua msuli ulio mgonjwa.

Sababu nyingine tutazipitia upesi. Mshipa wa sita wa fahamu ukipooza, jicho haliwezi kutazama nje, na mgonjwa huugeuza uso upande ule ule wa jicho bovu; hali hii ikizuka ghafla, huenda ni shinikizo ndani ya ubongo, na haifai kungojwa. Alexander Duane aliwaeleza mwaka 1905 wagonjwa 54 waliozaliwa na jicho lisilotembea sawasawa na ambalo hujifinya likielekea puani. Wengi wa namna hii pia hugeuza uso. Kope zikilegea na kuifunika mboni, mtu huinua kidevu ili aone chini yake, na watu husema anaringa. Hata miwani isiyofaa yaweza kumfanya mtu atafute pembe ya kutazamia.

Woodley

Woodley uko magharibi ya katikati ya jiji, kando ya barabara ya Ngong, ukipakana na Kibera. Ulijengwa na baraza la mji baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya wakazi wa Kizungu, na Kibera, ambako askari wa Kinubi na jamaa zao walikuwa wamekaa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa hapo hapo ng'ambo ya ua. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 nyumba zile zilipata wapangaji wapya, na barabara ya mtaani ikapewa jina la Joseph Kang'ethe, aliyekuwa kiongozi wa Kikuyu Central Association. Tangu mwaka 2013 wadi ya Woodley/Kenyatta Golf Course imekuwa ndani ya eneo bunge la Kibra, na kwa hiyo pande mbili za ua ule wa zamani hupiga kura pamoja.

Kilugha, hapa ni mahali pa kuvutia. Kiswahili cha Wanubi wa Kibera, ambao nyumbani wana Kinubi chao, kimekaa jirani na Kiswahili cha wahamiaji kutoka magharibi na katikati ya Kenya, na hicho kikakaa jirani na Kiingereza cha wenye nyumba za mawe. Na juu kidogo, mwendo wa miguu kwa asiye na nauli, iko hospitali.

Hospitali hiyo ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, kwa ajili ya wenyeji. Mwaka 1952 ikapewa jina la Mfalme George wa Sita, na baada ya uhuru ikawa Hospitali Kuu ya Kenyatta. Wazungu, wakiwamo bila shaka wale wa Woodley ya kwanza, walikuwa na hospitali yao, ambayo sasa ni Nairobi Hospital. Mgawanyo huu ulikuwa wa rangi, lakini ulikuwa pia wa lugha. Mgonjwa wa hospitali ya Wazungu alimweleza daktari habari zake kwa lugha ya daktari. Mgonjwa wa hospitali ya wenyeji alieleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, mtu wa tatu akatafsiri, na daktari akaandika kwa Kiingereza. Kitivo cha utabibu cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza mwaka 1967, daktari na mgonjwa walianza kuwa watu wa nchi moja, lakini masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na karatasi ikabaki ya Kiingereza. Kazi ya kutafsiri haikuondoka. Ilihamia tu ndani ya kichwa cha daktari.

Na kinachotafsiriwa ni nini? Mtu anayeona kitu kimoja kuwa viwili anaweza kusema kuwa anaona mawili mawili, na hapo hakuna tatizo. Lakini anaweza pia kusema kuwa ana kizunguzungu, kwa sababu ulimwengu wenye sura mbili humpa kizunguzungu kweli. Neno hili likishaandikwa, uchunguzi waweza kuelekea kwenye damu, au sikio, au njaa. Mwingine atasema anaona maruweruwe, na akawa amejitia katika kundi la wenye homa na wenye pepo. Mzazi wa mtoto ambaye macho yake hutikisika bila kukoma atasema, "Daktari, macho yake yanacheza." Lakini jicho kucheza, kwa Mswahili, ni kwanza ule mtetemo wa ukope ambao wengi huusoma kama ndege ya kheri au ya shari. Neno lipo, tatizo ni kwamba limekwisha kukaliwa na maana nyingine.

Hayo macho yanayotikisika yanatuleta kwa watu ambao historia hii inawahusu kwa ndani zaidi, yaani watu wenye ualbino. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu 9,729. Ualbino si ngozi tu. Karibu wote wana macho yanayotikisika na uoni hafifu. Wengi kati ya wenye macho ya namna hii wana pembe moja ambamo mtikisiko hupungua sana, na wakiipata pembe hiyo huishikilia kwa kuugeuza uso. Mtoto ambaye macho yake hutulia akitazama kushoto huugeuza uso kulia, ili kushoto kwake kuwe mbele. Kumwambia anyooke ni kumwambia aache kuona. Dawa ya kwanza, isiyo na gharama, ni kumkalisha upande wa kulia wa darasa, ili ubao uwe kushoto kwake. Neno zeruzeru, ambalo sasa limeachwa katika maandishi ya heshima, lilimtaja mtu huyu kwa rangi. Hakuna neno hata moja lililoyataja macho yake.

Taasisi nazo zilikuwa na macho yao. Kenya Society for the Blind iliundwa kwa sheria mwaka 1956, na jina lake lataja upofu. Kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA huko Kikuyu, magharibi ya Nairobi, kilichoanza mwaka 1975, kilipata sifa kwa kuondoa mtoto wa jicho. Geoffrey Bisley, daktari aliyefanya kazi Kenya, alitoa mwaka 1973 kitabu cha mwongozo wa maradhi ya macho kwa nchi zinazoendelea. Mwaka 1999 ulimwengu ulipotangaza mpango wa kuufuta upofu unaoepukika ifikapo 2020, yaliyotangulizwa yalikuwa mtoto wa jicho, trakoma, upofu wa mito, upofu wa utotoni na upungufu wa miwani. Mpangilio huu ulikuwa wa busara, kwa maana asiyeona kabisa hutangulia. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba mtu anayeona, lakini kwa kuinamisha kichwa, hakuwa katika orodha ya lugha wala katika orodha ya serikali.

Tiba na istilahi

Tiba inafuata sababu, nayo yaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila taabu kubwa. Miwani iliyopimwa vizuri hutangulia. Kasoro ndogo huweza kusaidiwa kwa prizimu, kioo chenye ukingo mnene upande mmoja, ambacho huihamisha picha mahali ambapo jicho lingefika lau lingeweza. Jicho lililozembea hufunzwa kwa kulifunika lile jema kwa saa maalumu. Kubwa zaidi ni upasuaji, lakini si wa shingo: msuli wenye nguvu kupita kiasi hurudishwa nyuma, au uliolegea hukazwa, kama nahodha anavyolegeza kamba moja na kukaza nyingine. Kwa macho yanayotikisika, Anderson wa Australia na Kestenbaum wa Marekani walipendekeza mwaka 1953, kila mmoja kwa njia yake, kwamba misuli ya macho yote mawili isogezwe pamoja ili ile pembe ya utulivu iletwe mbele. Macho husogezwa, na uso ukapata ruhusa ya kunyooka.

Kuna jambo moja ambalo wazazi na walimu wangepaswa kuambiwa kabla ya mengine yote. Kwa mtoto mwenye msuli uliopooza, kichwa kilichoinama ni dalili kwamba macho yake mawili bado yanashirikiana. Akilazimishwa kunyooka, ama ataona viwili, ama ubongo wake utaamua kulipuuza jicho moja, na jicho linalopuuzwa utotoni huweza kupoteza uwezo wake. Hivyo shingo iliyonyooka yenyewe, bila ya tiba, si habari njema daima. Huenda mtoto ameacha kupigania jicho lake la pili. Kwa upande mwingine, kichwa kikiachwa kimeinama miaka mingi, uso wenyewe hukua bila ulinganifu, upande wa mwinamo ukawa mdogo. Madaktari huziomba picha za zamani za familia ili wajue hali ilianza lini. Ni bahati mbaya kwamba wapiga picha wetu wa studio, kwa nia njema kabisa, humshika mtoto kidevu na kumnyoosha kabla ya kubonyeza, wakaufuta ushahidi.

Ama kuhusu istilahi, sioni haja ya kutafuta mbali. Shingo upande uachwe na kazi yake ya kinyongo, maana msemo hauwezi kuhukumiwa na kamati. Kwa mshipa peke yake hatuwezi kuendelea, kwa kuwa neno hilo limebeba mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, hata na ngiri. Mshipa wa fahamu umekwisha kuzoeleka na watosha. Msuli wa kapi, nionavyo, ni jina bora kuliko tafsiri yoyote ya jina la Kilatini la siku hizi, ambalo husema tu kuwa msuli huu ni wa juu na wa mshazari. Kwa hali yenyewe, matabibu hutofautisha miendo mitatu, na Kiswahili kinavyo vitenzi vya yote: kugeuza uso kulia au kushoto, kuinamisha kichwa begani, na kuinua au kushusha kidevu. Kutokana navyo tungepata mgeuko wa uso, mwinamo wa kichwa na mwinuko wa kidevu. Jina la jumla ndilo gumu. Nimesikia mkao wa kichwa usio wa kawaida, ambalo ni maelezo zaidi kuliko jina, na halitamfikia mama wa Woodley anayetaka kumwambia mwalimu neno moja tu mlangoni. Kinda la neno huenda limo katika umbo la makengeza lenyewe, kwamba lugha iliyoziona jozi mbili zilizokosana ingeweza pia kukitaja kiungo cha tatu kinachozipatanisha. Wenzetu wa Lamu, Mombasa na Pemba, ambako upogo bado husikika, wanaombwa waulize wazee kama kuna jina la mtoto anayetazama kwa kuinamia bega, na kama lipo, waliandike pamoja na bega lenyewe, la kulia au la kushoto.